Ndege wa Mkiani

Kazi yake kwenye karakana ya shirika la ndege la taifa ilikuwa kupaka rangi, na hakuna kitu alichokipaka mara nyingi kama yule ndege mweupe wa mkiani, nembo ya shirika. Shirika lilipokufa, ndege zake zikauzwa, nyingine zikakatwa kuwa vyuma chakavu. Yeye akarudi mtaani kuandika vibao vya saluni na maduka ya dawa. Watu walimwita Mzee Brashi. "Yule ndege nilimchora mimi," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Mchana mmoja mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, akaja na fulana kutoka kwenye duka lake la kuchapisha.

"Baba, zawadi yako hii. Nembo ya shirika lenu imerudi kwenye fasheni, vijana wanaigombania."

Mzee Brashi akavaa miwani, akaitandaza fulana mapajani.

"Huyu nani?"

"Si ndege wako, baba?"

"Wangu hakuwa na kishungi kichwani."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akacheka. "Alikuwa nacho, tena kirefu! Karatasi zako ulizomkata umbo, za kupakia rangi, zilijaa chini ya kitanda changu. Mimi ndiye wa kusahau?"

Mkwe akafungua simu kutafuta picha za zamani. Kwenye moja ndege alikuwa na kishungi, kwenye nyingine hana. Kwenye moja alitazama kushoto, kwenye nyingine kulia.

"Hilo la kushoto na kulia lisikusumbue," mzee akasema, akishikilia alichokuwa na uhakika nacho. "Kila upande wa mkia lazima atazame mbele, ama sivyo abiria watadhani tunarudi kinyumenyume." Lakini kuhusu kishungi akabaki akirudia picha moja baada ya nyingine. Chai yake ikapoa mezani.

Kesho yake akamfuata rafiki yake, fundi wa injini wa zamani waliyembandika jina la Kapteni kwa sababu hajawahi kupanda ndege hata siku moja.

"Kishungi kilitolewa," Kapteni akasema. Akajikuna kichwa. "Au kiliongezwa? Ngoja kwanza, unaulizia ndege ipi? Ile kubwa?"

"Siulizii ndege ile, namuulizia ndege yule!"

"Basi hapo umenivuruga kabisa."

Wakaenda uwanja wa ndege wa zamani, ambako ndege moja ya shirika ilikuwa bado imeachwa kwenye majani, haina injini. Mkia wake ulishashushwa, umelazwa juu ya matairi. Mlinzi akawaruhusu kuingia, kisha akabaki kuwatazama kama watu waliopungukiwa akili.

Ndege wa pale mkiani hakuwa na kishungi. Mzee Brashi akashusha pumzi. Kwenye kona ya bawa aliuona mvuto wake mwenyewe wa brashi, ule wa kupinda kidogo mwishoni. Rangi ilikuwa imebanduka karibu na kichwa. Akaikwangua kwa ufunguo wa nyumba, taratibu, na chini yake kikatokeza kishungi cha ndege wa awali. Akaendelea mpaka kwenye bawa la ndege huyo wa chini. Na hapo pia brashi ilikuwa imepinda vilevile.

"Wote wawili ni wako," Kapteni akasema.

"Mbona huyu simkumbuki?"

Akakaa kwenye tairi. Alikumbuka bwana wa ofisi ya matangazo akiwa ameshika karatasi yenye mchoro. Ila ni bwana yule aliyekuwa akimpa karatasi, au ni yeye aliyekuwa akimpa bwana yule? Mikono miwili na karatasi katikati. Hakuona zaidi ya hapo.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni. "Haya, kishungi kipo?"

"Kipo. Na hakipo."

"Na ulimchora wewe?"

"Nilimpaka. Kumchora… mama, hapo sijui. Kweli sijui." Mkewe akaacha mzaha, akamshika mkono, wakaingia ndani.

Mkwe akachapisha fulana za aina zote mbili. Wateja wakiuliza ipi ni ya kweli, alikuwa anawaelekeza kwa baba mkwe, naye anawaeleza kwa kirefu, kwa moyo safi, mpaka wanaondoka wamechanganyikiwa kuliko walivyokuja. Mzee mwenyewe alijichukulia fulana isiyo na kishungi. Mkewe akachukua yenye kishungi, na anaivaa makusudi kila wanapokuja wageni.