Mzuka Asiyetikisa Kikombe

Yule binti wa mjini Ibra anayetengeneza filamu za kutisha hapazi sauti hata kamera ikianguka. Tukio likimgusa, huuma ncha ya mtandio wake, basi. Jana mzuka wa mtawala wa Kiingereza, aliyeigizwa na mwalimu mgeni, alibisha hodi, na bibi yake binti, Bi Kuruthum, alitakiwa apige ukelele. Badala yake akammiminia kahawa. Mgeni aliyetosheka hutikisa kikombe. Huyu alikunywa, akakirudisha hivi hivi, na bibi akajaza tena, na tena. Wasaidizi wakacheka.

“Hatikisi, mwanangu,” bibi akasema. “Hata Unguja tulikotoka, wenzake hawakutikisa. Sisi tukimimina tu.”

Binti akauma mtandio. Hakuizima kamera mpaka dele la kahawa lilipokauka, na mzuka bado amenyoosha kikombe.