Sprinkla Kwenye Kapungut

Nilipoolewa huku upande wa Litein sikuja na kitu ila cheti cha kidato cha nne na hasira. Cheti mama mkwe alikifungia sandukuni, kisiliwe na panya. Hasira nilitembea nayo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mtoto wangu wa kwanza bado ananyonya. Chai kwetu ilikuwa mali ya wanaume. Mwanamke anachuma, anabeba kikapu mpaka kituo cha kununulia, mgongo unamkatika, lakini nambari ya mkulima, ile inayolipiwa majani, ni ya mume au ya baba mkwe. Kilicho cha mwanamke ni kapungut, kile kibustani kilicho nyuma ya nyumba, cha maboga na mboga. Basi nikang'oa sukuma wiki zangu zote, nikaijaza kapungut vifuko vya plastiki vilivyojaa udongo, na ndani ya kila kimoja nikachomeka kipande cha tawi la chai chenye jani moja.

Majirani walicheka. Baba mkwe hakucheka. Alisema mbele ya wanawe wote wawili kwamba miche hiyo ikiwa hai mvua kubwa ya Aprili ikianza, mteremko wa chini ni wangu, na nambari itakuwa yangu. Ikifa, mteremko unakwenda kwa shemeji, mdogo wa mume wangu, apande nepia, majani ya kulisha ng'ombe. Shemeji tayari alikuwa na nepia yake iliyopakana na kapungut yangu. Akaanza kuupima mteremko kwa macho siku hiyo hiyo.

Januari mvua ikakata. Miche ilikuwa imeshika mizizi na kutoa majani mapya mekundu, na sasa yakaanza kukunjamana. Maji yetu yalitoka kwenye chemchemi ya juu, yakajaza usiku kucha tangi la saruji ambalo mzee alilijenga kwa ajili ya ng'ombe. Nilishuka na jerikeni mkononi na mtoto mgongoni, nikapanda tena, nikashuka tena. Nikimwaga kwa kopo, udongo unaruka kutoka kwenye vifuko na mizizi inabaki uchi. Nililia kwa hasira. Shemeji alikuwa ameegemea ua.

"Form Four," akaniita, "huko shule hawakufundisha kuomba mvua?"

Mume wangu alifanya kazi kiwandani, akija nyumbani mara moja moja. Safari moja akaja na kitu cha shaba kilichofungwa kwa gazeti, amekipata kwa muuza vyuma chakavu pale Litein. Sprinkla, akasema; alikuwa ameona vya aina hiyo vikinyunyizia miche kwenye kitalu cha shamba kubwa ng'ambo ya mto. Tukavuta paipu nyeusi kutoka kwenye tangi hadi chini, tukakifunga juu ya nguzo ya mti katikati ya miche.

"Na pampu iko wapi?" shemeji akauliza.

"Mlima ndio pampu," nikamjibu. Hilo nililijua. Mwalimu wa fizikia alituchorea pipa lenye matundu matatu, na tundu la chini kabisa ndilo lililorusha maji mbali. Niliichora picha ile, nikapata alama, nikaisahau.

Mume wangu akafungua koki.

Siwezi kusema vizuri nilichokiona. Kwanza ile shaba ilikohoa. Halafu maji yakatoka kama fimbo, yakapiga kimkono kilicho mbele ya mdomo wake. Kimkono kikarushwa pembeni, springi ikakirudisha, kikagonga, tak, na kichwa kizima kikasogea kidogo tu. Yakapiga tena, kikagonga tena. Tak, tak, tak. Maji yenyewe yakizungusha kile kinachoyamwaga! Hakuna mafuta, hakuna umeme, hakuna mwanamke anayepanda mlima. Mtoto mgongoni aliacha kulia, nikasikia kichwa chake kikigeuka kufuata matone. Mama mkwe alishika mdomo. "Wee," akasema, "hii kitu iko hai."

Kosa tulilifanya palepale, na ni kosa la watu wa huku. Mvua yetu haiji ovyo. Asubuhi jua, saa nane mchana inanyesha, mtu anaweza kupangia nguo zake. Mzee akatoa amri: "Chai imezoea saa nane. Fungueni saa nane." Sote tukaona amesema neno.

Basi kila saa nane tukafungua. Tangi likawa linakauka kabla ya jioni, ng'ombe wanalia, na miche yangu bado inanyauka. Lakini nepia ya shemeji! Ilikuwa ya kijani mpaka inatisha.

"Asante sana, shemeji," akasema, akicheka na meno yote. "Nepia inakusalimia."

Ningempiga na jembe. Badala yake nikasimama saa nane nikatazama, si miche, bali maji. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni kama unavyofanya kila mchana, ukiyabeba matone na kuyapeleka ng'ambo ya ua. Yale madogo kabisa hayakufika popote. Niliyaona yakipanda kama moshi na kupotea juani. Nikakusanya mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia kwa mama mkwe na kwa majirani, nikaitandaza kwenye miche na kwenye nepia. Tulipofunga koki, mikebe ya upande wangu ilikuwa na unyevu tu. Ya shemeji ilikuwa na maji ya kunawa uso.

Kesho yake alfajiri nikafungua bila kumwambia mtu. Moshi wa majiko ulikuwa umesimama wima, hata jani halitikisiki. Maji yakaenda duara kamili, na kila mkebe ukapata sehemu yake, ule wa mbali karibu sawa na wa karibu. Nikachomeka kidole kwenye kifuko kimoja, kisha kingine. Udongo ulikuwa umelowa mpaka chini. Zaidi ya hapo maji yangevuja tu. Nikafunga.

Shemeji alikuja mbio. "Baba! Anamaliza maji ya ng'ombe asubuhi asubuhi!"

Mzee akatoka na blanketi mabegani. "Nilisema saa ngapi?"

"Baba, mvua ya saa nane inakuja na wingu lake," nikasema. "Inafunika jua kwanza, ndio inanyesha. Sisi tunanyesha bila wingu. Panda uangalie tangi."

Alipanda polepole. Akatumbukiza fimbo ndani, akaitoa, akatazama maji yalipofika. Akaitumbukiza tena upande wa pili, kana kwamba tangi linaweza kudanganya.

"Ng'ombe watakunywa na yatabaki," akasema. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Unaona? Ameolewa juzi, leo ananifundisha mvua."

Tangu hapo alfajiri ikawa yangu. Nilifungua gizagiza, nikakaa na mtoto kwenye jiwe. Jua lilipochomoza juu ya chai ya ng'ambo, matone yote yaliwaka kwa pamoja, na kwenye kila jani jekundu kulining'inia tone lenye jua lake. Hata hasira ilikaa kimya kunipisha.

Aprili mvua ilirudi, saa nane, na wingu lake. Mzee alikuja na kamba ya katani na vigingi. Akapita kifuko kwa kifuko akivuta miche kidogo kuona kama imeshika. Michache ilikuwa imekufa. Mingi ilikataa kung'oka. Akashuka mteremkoni, akampa shemeji ncha ya pili ya kamba.

"Vuta vizuri," akamwambia. "Hiyo ni shamba ya shemeji yako, usiipunguze."

"Na ng'ombe wangu, baba?"

"Ng'ombe wako wamenona kwa maji yake. Vuta."

Shemeji akavuta. Shimo la kwanza nilichimba mwenyewe.