Sikutoka Sebuleni

Kwa wiki tatu nililishwa kama ng'ombe wa maonyesho. Uji wa wimbi alfajiri, uji saa nne, uji saa kumi. Katikati chinsaga, ile mboga chungu ambayo mama mkwe huichemsha na kuilaza kwenye maziwa mpaka uchungu utulie, na juu yake supu ya kuku. Mimi ni mtu wa ziwani niliyeolewa na Mkisii. Mume wangu anafanya kazi mjini na tumepanga chumba Kiogoro, lakini nilipojifungua alinileta kwao, karibu na Magwagwa, ili mama yake anitunze. Alinitunza kweli. Na maziwa yakazidi kupungua.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mama mkwe alidai simalizi bakuli. Jirani alisema kuna mtu alinitazama kifua kwa jicho baya. Shangazi mmoja wa mume wangu, aliyekuja kuona mtoto na kula kuku wangu, akasema wanawake wa ziwani wamezoea samaki, wimbi haiwashiki. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Kwenye kliniki mizani ilionyesha binti yangu hajafikia hata uzito aliozaliwa nao. Nilishikwa na hofu. Muuguzi hakuniuliza ninakula nini. Aliuliza mtoto ananyonya mara ngapi, kuanzia jua kuchomoza hadi kutua. Nikahesabu kwa vidole, na vya mkono mmoja havikuisha. Akaniambia titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Likiachwa limejaa, linapunguza kazi. Nimnyonyeshe kila anapotaka, na asipewe kitu kingine chochote.

Nilirudi nyumbani nikijua tatizo ni nini, na halikuwa bakuli.

Tatizo lilikuwa heshima. Usiku nililala katika kibanda chetu, lakini mchana mama mkwe alitaka nikae nyumba kubwa anione. Humo sebuleni ndimo alimokaa baba mkwe, mzee mpole aliyestaafu, na redio yake. Kwa Wakisii, mke wa mwana hafungui kifua mbele ya baba mkwe. Basi mzee alikohoa mlangoni ili nijue anakuja, nami nilimtoa mtoto kwenye titi, nikajifunga leso na kukimbilia jikoni. Jikoni kuna moshi, kwa hiyo mtoto alibaki na bibi yake, akapewa maji ya sukari kwa kijiko mpaka alale. Mzee aliingia na kutoka mara sita, saba kwa siku. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa tunamnyima mtoto chakula kwa adabu kabisa.

Kesho yake nilikaa sebuleni, nikajitanda leso, nikamweka mtoto kwenye titi. Mzee akakohoa. Sikuinuka.

"Enda jikoni," mama mkwe akasema kwa sauti ya chini.

"Siendi, Mama. Mtoto ananyonya."

Mzee alichungulia, akageuza uso haraka, akavuta kiti chake hadi barazani. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza na ilimrushia maji miguuni. Mama mkwe aliniambia nimemfukuza mzee katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Uso uliniwaka kwa aibu, sitadanganya. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko aibu. Niliwaza kwamba mzee akilowa miguu atajipangusa, na mtoto wangu atajipangusa nini?

Maji ya sukari niliyakataza siku hiyo hiyo. Nilinyonyesha kila mtoto alipogeuza mdomo, asubuhi, mchana, usiku, hata chuchu zikauma. Kwa siku nne mama mkwe hakunisemesha, ila uji aliendelea kuleta. Siku ya tano blauzi yangu ililowa pande zote mbili, na mtoto akawa anameza kwa sauti mpaka maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Nilicheka peke yangu.

Mama mkwe aliingia akasimama kutazama. Nilijiandaa kugombana, maneno nilikuwa nayo tayari. Akaketi kando yangu.

"Mimi nilikuwa natoka," akasema. "Baba mkwe yangu akikuja, natoka. Hata kama mtoto analia. Watoto watano. Watu wote walisema maziwa yangu ni kidogo."

Alimtazama mjukuu wake akinyonya. "Wawili hawakuishi," akasema.

Mlangoni kukasikika kikohozi. Mzee alikuwa anaingia. Mama mkwe hakuniambia nitoke. Aliinua ncha ya leso yangu, akaishika mbele yetu kwa mikono yake miwili, na akaishika hivyo mpaka mtoto aliposhiba.