Wifi alinitangaza mchawi, kumbe ni dawa za dukani kwake

Admin, nifichie jina langu, ila maneno yaache yalivyo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nimeolewa Yakobi hapa Njombe, nina watoto watatu. Naandika nikiwa na hasira, na sitawadanganya kwamba imeshapoa.

Naishi na mama mkwe. Alikuwa mama mwenye nguvu zake, analima viazi mwenyewe na kwaya haikosi. Mwaka juzi akaanza kubadilika. Mikono inatetemeka, anasinzia kijiko kikiwa mkononi, wanangu anawaita kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Akaanguka akienda chooni, akaanguka tena. Mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemlisha, na mashuka yake nilifua kwa maji ya baridi ya huku kwetu ambayo anayeyajua anayajua.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana duka la dawa Makambako. Alikuwa akija kumsalimia mama, lakini kwangu hanywi hata maji. Siku moja jumuiya yetu ilikuja kusali rozari kwa ajili ya mama. Nyumba imejaa watu, wifi akasimama akasema, "Tuiombee nyumba hii. Kuna mtu anammaliza mama yetu polepole, na ndiye anayempikia." Hakutaja jina. Sasa niambieni, nani mwingine alikuwa anapika humu ndani?

Kuanzia siku hiyo salamu za "kamwene" za majirani zikawa za mdomoni tu. Msibani nilipeleka sufuria ya maharage, ikarudi imejaa kama ilivyokwenda. Niliibeba kichwani mchana kweupe, kila mtu anaona. Hata mume wangu, niliyemzalia watoto, aliniangalia akauliza, "Kwani mama unampa nini?" Hilo liliniuma kuliko ya wifi na ya jumuiya yote. Akawa anakula kwa mama ntilie, nyumbani anakuja kulala.

Halafu wakaja madaktari wa mradi. Walikuwa Watanzania pamoja na wenzao kutoka nchi za nje, wanashirikiana kupunguza dawa ambazo watu, hasa wazee, wanameza bila sababu. Kanisani ikatangazwa kwamba mwenye mzee ampeleke pamoja na dawa zake zote, hata alizoficha. Nilipomwambia mama, akanielekeza chini ya kitanda chake. Nikavuta kikapu kimejaa dawa. Nilikaa chini sakafuni.

Zote zilitoka kwa binti yake. Mama alilalamika usingizi, akaletewa ya usingizi. Akaanza kusikia kizunguzungu, akaletewa ya kizunguzungu. Mikono ikatetemeka, ikaja na ya kutetemeka. Kwetu mtoto akikuletea kitu hukirudishi, maana ni kama umemrudisha yeye mwenyewe. Basi mama alimeza kila kilicholetwa ili binti yake asiumie moyo. Tena aliambiwa asinionyeshe, eti nitazichezea.

Daktari wetu alizimwaga mezani, akazungumza na mgeni wake kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Akatenga maboksi matatu ya rangi tofauti, akasema, "Mama, hizi tatu ni dawa moja, viwanda tu ndiyo tofauti." Nyingine, akasema, ndiyo iliyoleta kutetemeka, na pembeni yake kulikuwa na ya kutibu kutetemeka huko huko. Hospitali ilikuwa imemwandikia ya presha peke yake. Zile nyingine wakaziondoa kidogo kidogo huku wakimfuatilia, na baada ya miezi kadhaa mama akarudi. Siku alipomwita mwanangu wa mwisho kwa jina lake nilikwenda jikoni nikalia.

Sasa mradi una mkutano Njombe mjini Alhamisi. Wageni watakuwepo, watu wa mkoa watakuwepo, na jumuiya yetu imealikwa. Wameniomba nisimame na mama tueleze yaliyotupata. Nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Nikichambua mboga najikuta nacheka peke yangu, namwona wifi anavyotafuta mlango wa kutokea. Dawa ya moto ni moto.

Naye amesikia. Juzi alikuja na kitenge na sukari, akakaa kwenye kigoda jikoni kwangu, akanywa chai yangu mpaka akaongezewa. Akasema hakujua, alidhani anamsaidia mama yake, na nikisema atafungiwa duka na ana watoto wanasoma. "Wifi, nisitiri," akasema.

Nikamwambia nitamsitiri, ila kwanza asimame kwenye jumuiya kama alivyosimama siku ile, aseme kwamba sikuwa mimi. Akasema watu watamkimbia. Nikamjibu, "Mimi walinikimbia, na sikuwa na kosa." Akaondoka. Jumamosi jumuiya ilikaa na hakutokea. Kitenge chake nimekitandika mlangoni, watoto wanafutia miguu.

Mume wangu ameniomba msamaha, lakini anasema mambo ya ndani yaishie ndani. Mbona yangu hayakuishia ndani? Padre naye ameniambia nisamehe, kwa hiyo hilo msirudie.

Anayenisumbua ni mama. Jana tulikuwa tunamenya viazi, akaniambia, "Mwanangu, ukisimama nitasimama na wewe, na sitasema uongo. Ila tukirudi nyumbani sitakuwa na binti." Hakulia. Aliendelea kumenya, na mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

Gauni la Alhamisi nimeshalipiga pasi. Ninyi mliowahi kuitwa wachawi mbele za watu, nisaidieni. Nikinyamaza, nani atasema kwamba sikuwa mimi? Nisimame, au nikae?