Njia ya Misafara Ilipofika Braamfontein

Katika miaka yote niliyofundisha historia, sikuwahi kulipitisha neno "inasemekana" katika daftari la mwanafunzi. Nililikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: Nani amesema? Aliona? Nilipostaafu na mke wangu akafariki, mwanangu, mhadhiri wa chuo kikuu, alinitoa Tabora nikaishi naye Braamfontein, mtaa wa Johannesburg, na tabia hiyo nilikuja nayo. Katika majira ya baridi ya mwaka 2017 nusura imvunjie ndoa mjukuu wangu.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu huyo, alikuwa amempata mchumba, fundi umeme mpole ambaye watu wake walitoka Kasongo, mashariki ya Kongo. Walikuja kuposa Jumamosi mchana, wazee sita ndani ya makoti mazito, wakiongozwa na shangazi wa kijana, mama mnene mwenye duka la ushonaji Fordsburg. Chai ilikwisha kumiminwa. Nilitarajia asimame aseme maneno ya kawaida ya ua na bustani. Alisimama, akaninyooshea kidole.

"Kabla hatujauliza mtoto wa watu, kuna neno. Huyu mzee ni Mnyamwezi. Watu wake ndio walimkamata mama ya bibi yangu. Walimfunga kamba, wakamtembeza mpaka Ujiji pamoja na pembe za ndovu. Leo tena wanataka tuwape na huyu kijana wetu?"

Kwa desturi ningepaswa kumwachia msemaji wetu ajibu. Sikumwachia.

"Mama, hayo umeyasoma wapi?"

"Sikuyasoma. Bibi aliniambia."

"Naye bibi yako aliambiwa. Neno lisilo na ushahidi haliingii katika nyumba hii."

Midomo yake ilichezacheza kama ya mtu anayetaka kuongeza jambo, kisha ikafumba. Wazee wenzake wakatazamana. Mzee mmoja akakichukua kikapu walichokuja nacho, kikiwa bado kimefunikwa, na wote wakatoka. Mjukuu wangu hakulia mbele yangu. Alikusanya vikombe vilivyojaa, akavimwaga kimoja kimoja jikoni, na tangu siku hiyo akawa ananijibu kwa "ndiyo, Babu" na "hapana, Babu" tu.

Nilijiona nina haki, na mtu mwenye haki hutafuta karatasi. Mwanangu alinipatia kibali cha kusoma katika maktaba ya chuo, hatua chache kutoka nyumbani, na kwa wiki tatu nilikwenda huko kila asubuhi. Nilitaka kumpelekea mama yule ushahidi kwamba watu wa kwetu walikuwa wapagazi wa ujira, waliobeba mizigo ya wengine kwa mabega yao na kuzikwa kandokando ya njia.

Habari yenyewe niliijua kwa jumla, kwa kuwa niliifundisha. Himaya haikuingia kwetu kwa mzinga kwanza. Iliingia kama mteja. Palitangulia nguo za merikani, shanga na baruti, vikibadilishwa kwa pembe. Akafuata msafiri mwenye dira na daftari, aliyejiita mvumbuzi wa nchi huku akiongozwa na wapagazi waliokwisha kuipita njia ile mara nyingi, akilala katika kambi zilezile na kunywa maji ya visima vilevile. Mwisho ikaja bendera, ikapandishwa palepale ambapo daftari lilisema pana maji na chakula. Haya niliyaeleza darasani kwa miaka mingi bila sauti yangu kutetereka.

Sasa niliyasoma kama mshtakiwa. Wapagazi wa ujira niliwakuta, kwa maelfu. Niliwakuta pia watu wa nyumbani kwangu waliokwisha kupata bunduki, wakavuka ziwa, wakawa hawabebi tena mizigo ya wengine bali wanakamata wa kuwabebea. Sikupata njia ya kulisoma jambo hilo vinginevyo. Na kitu kimoja kilinikalia kifuani kuliko chote: wasafiri wale waliandika uzito wa pembe, idadi ya marobota, hata majina ya punda wao. Mwanamke aliyefungwa kamba hakuandikwa jina popote. Kama yuko mtu aliyelihifadhi, basi ni bibi wa yule mama, kwa mdomo, njia ileile niliyokuwa nimeikataa mbele ya watu.

Ijumaa ya wiki ya tatu nilipanda teksi hadi Fordsburg. Nilimkuta shangazi amepinda juu ya cherehani, pini amezibana mdomoni. Aliponiona alizitoa moja baada ya nyingine, taratibu.

"Mama," nikasema nikiwa nimesimama, "nimekwenda kusoma. Siwezi kuyakanusha maneno yako. Inawezekana kabisa kwamba ni watu wa kwetu. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuomba usimwadhibu mjukuu wangu kwa jambo hilo wala kwa ulimi wangu."

Akachomeka pini ya mwisho kwenye kitambaa.

"Wiki tatu, Mzee, ulikuwa unasoma?"

"Nilikuwa nasoma."

"Eish!" Akapiga paja, akaanza kucheka mpaka akashika meza. "Siye tunangoja jibu, weye uko kwenye buku! Mnyamwezi gani asiyejua utani?"

Nilikaa bila kukaribishwa.

Alinieleza akifuta machozi. Bibi yake alizaliwa Ujiji, kwa yule mama aliyepelekwa huko, akakua kati ya Wanyamwezi, akitaniana nao msibani na arusini, kabla hajaolewa na kurudi kwa watu wa mama yake, Kasongo. Tangu hapo, mtoto wa ukoo wao akitaka kuoa kwa Wanyamwezi, shangazi lazima ayatoe mashtaka yale kwanza. Hatoi posa mpaka ajibiwe.

"Ulitaka nikujibu nini?"

"Ungesema: 'Ni kweli tulimbeba, na mabega yanatuuma mpaka leo, alikuwa mnene kama weye!' Tungecheka, tungekukamata, mtoto wenu angekukomboa kwa kipande cha nguo, chai tungekunywa. Lakini weye, 'ushahidi'! Nikasema, basi, wametukataa. Tangu siku ile naogopa kumtazama mtoto wa kaka yangu usoni. Hali vizuri. Nilijua ni mie nimemharibia."

Mimi niliyezaliwa Tabora, niliyewaona watani wakimpokonya mfiwa sahani mbele ya jeneza, sikuutambua utani uliponijia Johannesburg. Nilidhani unabaki kule ulikozaliwa. Nilimwuliza jambo moja tu, maana sikuweza kujizuia: je, habari ya yule mama ni ya kweli?

"Ya kweli kabisa," akasema, naye hakucheka. "Ingekuwa ya uongo, tungeitania ya nini?"

Nilirudi kwa miguu, nikipita Newtown katika upepo mkali, wala sikuuhisi. Nyumbani nilimwita mjukuu wangu, nikamweleza yote pamoja na ujinga wangu. Alinishika mkono, akasema, "Babu, wewe!" Nilijua nimesamehewa, kwa kuwa lilikuwa neno la kwanza baada ya wiki tatu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana.

Jumamosi iliyofuata walirudi na kikapu chao. Shangazi alisimama, akanyoosha kidole, akayarudia mashtaka yote. Nilisimama na suti yangu nyeusi.

"Ni kweli tulimbeba," nikasema, "na kama ukoo mzima ulikuwa na ulimi kama wako, tulibeba adhabu yetu wenyewe."

Kelele zilizozuka ziliwatoa majirani mlangoni. Shangazi aliivua shingoni tepu yake ya kupimia, akanifunga nayo mikono yote miwili, akanizungusha sebuleni huku akiwauliza wageni kama yupo anayemtaka mpagazi mzee asiyeweza kubeba hata kikombe. Hakuna aliyenitaka. Nilizungushwa mara ya pili, nikiwa nimeinua kidevu kama niingiapo darasani, mpaka mjukuu wangu akatoka chumbani na kanga mpya, akamwekea shangazi begani.

"Naomba babu yangu," akasema.

"Huyu? Chukua. Anakula sana."

Shangazi akanifungua. Kisha akaketi, akajitanda ile kanga, akatoa posa.