Baba Huchagua D

Mwaka niliojiandaa kwa mtihani wa benki, nusura nimnyang'anye baba yangu Kiingereza chake. Mtihani wenyewe nilifaulu. Nakuambia mapema ili usihangaike nao. Wa kuhangaikiwa ni baba, kwa sababu kile Kiingereza ndicho kilichotulea sote nyumbani, na mimi nilikaa nacho wiki tano nzima nikikichokonoa kwa kalamu nyekundu.

Nilikuwa na digrii, nilikuwa na bahasha nene ya vyeti, na nilikuwa nyumbani Karatu mwaka wa pili nikilishwa na wazazi. Benki ilikuwa imeshanichuja mara mbili. Hesabu nilikuwa napita, maswali ya kufikiri nilikuwa napita, halafu kinakuja kipengele cha Kiingereza, chali. Ukikiona utadhani ni cha watoto. Unapewa sentensi, ndani yake kuna maneno yamepigiwa mstari, na chini kuna vibadala A, B na C. Unachagua kinachofaa kukaa mahali pa yale maneno. D haibadiliki siku zote: hakuna cha kurekebisha. Hiyo D ndiyo ilinimaliza. Nilikuwa nikiiona nahisi nategewa, naikimbia.

Mara ya tatu nikaapa. Nilikwenda steshenari karibu na stendi, kwa mzee mmoja mwenye kofia nyeupe isiyoshika vumbi katika mji ambao hata sukari ina vumbi. Akanitolea nakala ya kitabu cha mazoezi kilichokuwa kinazunguka kwenye grupu letu la wasaka ajira. Kilionekana kimetungwa nchi ya mbali, maana kila sentensi ya pili ilikuwa na mtu aliyechelewa treni. Karatu hatujawahi kuchelewa treni. Nilikinunua hivyo hivyo, nikanunua na kalamu nyekundu, nikarudi nyumbani nikijiona nimeshaajiriwa.

Baba ni dereva wa watalii, wa wale wanaoendesha na kueleza kwa pamoja. Shule aliishia darasa la saba. Alianza kwa kubeba masanduku ya mpishi kambini, akaokota Kiingereza neno moja moja kutoka kwa wageni wa kila taifa, ndiyo maana kinasikika Kiiraqw cha kwetu mwanzoni, Kijerumani katikati na Kihispania mwishoni. Akirudi jioni kutoka kreta, lile shimo kubwa la wanyama, hukaa kibarazani kufuta darubini kwa kitambaa cha flana. Siku hiyo alinikuta hapo na kitabu changu.

"Soma na mimi nisikie, mama," aliniambia. Mimi ni wajina wa mama yake, kwa hiyo ananiita mama hata akinigombeza.

Nikasoma. Mtu kachelewa treni, kama kawaida yao.

"D," baba akasema.

"Baba, vibadala bado sijavisoma."

"Vya nini? Si umemwelewa huyo mtu?"

"Nimemwelewa."

"Basi D."

Swali la pili, D. La tatu, D. Katika maswali ishirini baba alijibu D ishirini, akapata manne, na akaona ameonewa. Mama, ambaye kwao ni Baray na Kiingereza hakijui wala hakitaki, alikuwa anachambua maharage pembeni. Aliuliza baba kapata ngapi. Nilipomwambia, akacheka mpaka maharage yakamwagika.

Lakini baba hakuwa anabahatisha. Kazi yao inafundishwa hivyo. Dereva aliyemlea kazini alimwambia siku ya kwanza kwamba mgeni hasahihishwi, mgeni anaongezewa. Mgeni akisema yule kule ni punda mweupe, usimwambie amekosea. Mwambie naam, ni punda, na huyu wetu ana mistari, na hakuna mwenye mistari inayofanana na ya mwenzake. Mgeni anarudi kwao akiwa anajua pundamilia ni nini, na hakumbuki kama aliwahi kukosea. Baba amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini, na neno "hapana" sijawahi kumsikia akilitoa kwa mgeni. Ukimpa sentensi yenye kasoro anamtafuta mtu aliyeisema, anamwelewa, anampa D.

Mimi nilikuwa naelekea upande mwingine kabisa. Kadiri nilivyofanya mazoezi ndivyo macho yalivyozidi kuwa makali, na mdomo nao ukafuata. Nilisahihisha menyu za hoteli. Nilisahihisha tangazo la fundi magurudumu. Nilimsahihisha hata yule mzee wa steshenari, ambaye bango lake la mlangoni lilikuwa na makosa matatu katika maneno sita.

"Shikamoo mzee. Bango lako limekosewa."

"Marahaba binti. Wewe ulipoingia humu ulikuwa unatafuta nini?"

"Fotokopi."

"Na umejuaje kama natoa fotokopi?"

Nilitoka nimenuna. Leo ninajua alikuwa amenipa somo la bure, ila siku hiyo nilimwona mzee mbishi tu.

Kisha baba akajileta mwenyewe. Alikuja kibarazani na kiti chake, akakohoa kidogo, akasema, "Mama, nirekebishe na mimi. Vijana wa siku hizi wanatoka vyuoni, wanaongea kama redio. Mimi naongea kama mimi."

Ningekuwa na akili ningekataa. Badala yake nilifungua daftari jipya. Nikamwambia atoe ile hotuba anayowapa wageni gari linapoanza kushuka kreta, ile ambayo ameitoa mara nyingi mpaka sisi watoto tulikuwa tunaiigiza: "Welcome to my office. My office have no roof, but the boss is very big, he have two tusk." Hapo huwa anangoja wacheke. Mimi sikucheka. Nilipiga mistari mitatu myekundu, nikamwandikia vibadala A, B na C pembeni.

Baba ni mwanafunzi mzuri, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Lile daftari alitembea nalo kwenye gari. Alilisoma kwenye geti la hifadhi akingoja vibali, akalisoma wageni wakipiga picha. Wiki ya nne alikuwa anajua makosa yake yote kwa namba. Nilijivuna. Nilimwambia mama kwamba baba amebadilika, naye akanijibu kwamba ndiyo, siku hizi hata salamu anaifikiria.

Jumatano moja alirudi mapema. Hakufuta darubini. Alikaa kibarazani na viatu miguuni, na mama akaniangalia kwa jicho la kuuliza umemfanya nini mwenzio.

"Leo sikuongea," baba alisema.

"Hukuongea na nani?"

"Na wageni. Tumeshuka kreta, nikafungua mdomo niwakaribishe ofisini. Nikafika pale kwenye paa. Nikawa nachagua. Ni A? Ni B? Nachagua, mama, nachagua, halafu nikaona wameshaangalia dirishani. Msituni tukamkuta tembo, mkubwa, yule wa meno ya kugusa chini. Nikasema moyoni huyu nitamwelezea vizuri. Nikaanza kumpanga. Mpaka nimempanga, tembo kaondoka."

Alicheka. Alikuwa tembo wa kuchekesha kweli, na mimi nilianza kucheka naye, kisha nikaona amenyamaza yeye kwanza.

Wageni walimuuliza kama anaumwa. Jioni wakaiomba kampuni yake, kwa adabu sana, kesho yake wapewe dereva anayeongea. Ofisi ikampigia. Jumamosi angepewa wageni wengine, na akinyamaza tena, wangemhamishia kwenye gari la kupokea watu uwanja wa ndege. Huko unashika kibao chenye jina la mgeni, unabeba mabegi, unaendesha. Huongei na mtu.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Mimi niliyeshindwa kipengele kimoja mara mbili nilikuwa nimemfelisha mtu ambaye hakuwa na mtihani.

Alhamisi nilimwambia asahau kila kitu nilichomfundisha. Akaniambia, kwa upole, nimwonyeshe jinsi ya kusahau. Nikamwambia anipe hotuba. Akaanza, "Welcome to my office. My office..." akasimama. Macho yake yakaenda juu kulia, mahali pale pale ninapoangalia mimi nikitafuta jibu. Sikuweza kuendelea, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Ijumaa mchana ni mama aliyeleta kopo. Ni kopo la biskuti la bati, lina kadi na barua ambazo wageni wamemwandikia baba miaka yote hiyo. Aliliweka mbele yangu kwa kishindo.

"Wewe si msahihishaji? Hawa nao wasahihishe."

Nadhani alitaka kunikomesha tu, lakini nilichukua kalamu nikamwita baba. Kadi ya kwanza ilitoka kwa mzee wa Kifaransa. Sentensi tatu, makosa tisa. Ya pili, ya bwana na bibi wa Korea, ilikuwa na vitenzi viwili tu na vyote vimekaa mahali si pake. Ya tatu sikujua hata inaanzia wapi. Miaka yote nilidhani baba peke yake ndiye anayekosea mbele ya watu wanaojua. Kumbe mle ndani ya gari wote walikuwa njiani kuelekea Kiingereza, na yeye ndiye aliyekuwa anawasubiri.

Kisha nikasoma kadi ndogo yenye picha ya theluji. "You make my mother laugh. She not laugh since my father die."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Baba akamfasiria. "Anasema nilimchekesha mama yake. Alikuwa hajacheka tangu afiwe na mumewe." Akaichukua kadi mkononi mwangu. "Namkumbuka huyo bibi. Siku nzima hakuvua miwani yake ya jua. Tulipofika bwawa la viboko kula chakula, nikawaambia chakula kiliwe ndani ya gari, mwewe wa pale ni wezi. Yeye akatoka nje na paja lake la kuku. Mwewe kashuka, kaondoka na paja, bibi kabaki na mkono hewani. Nikamwambia, 'Sorry madam, today he is forget his lunch box.'"

Mama hakungoja afasiriwe, aliona mkono wa baba ulivyobaki hewani, akaangua kicheko. Baba naye akacheka, cha kwake cha siku zote, cha kupiga paja.

Mimi nilikuwa na kalamu. Kwa mazoea tu niliandika ile sentensi ya mwewe pembeni ya daftari, nikapiga mstari chini ya yale maneno mawili yaliyokosewa. Nikaandika A, nikaandika B, nikaandika C. Zote zilikuwa sahihi kabisa. Nikazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, na hakuna iliyomchekesha mtu, hata mimi. Yule bibi angemaliza safari na miwani yake usoni.

"Sasa jibu ni lipi?" baba akauliza, na hakuwa anatania.

Nilimwambia sijui. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki tano kumwambia hivyo.

Jioni alilitafuta daftari lake atembee nalo kesho. Alitafuta kwenye begi, akatafuta chini ya kiti. Mama alikuwa anasonga ugali, mgongo ametupa.

"Nimewashia jiko," alisema.

Mtihani wangu ulikuwa mchana wa Jumamosi hiyo hiyo, Arusha. Asubuhi nilisimama stendi na bahasha yangu ya vyeti, nikiwa sijisikii tayari wala sijali sana. Baba alikuwa ametoka alfajiri kuchukua wageni hotelini kwao. Nilimkisia yuko wapi, nikakisia yuko kimya.

Gari lake likaja likasimama mbele yangu, upande wa barabara unaokwenda getini. Madirisha yalikuwa wazi. Ndani walikuwemo watu wanne wenye kofia mpya, na walikuwa wananiangalia.

"My friends," baba akasema, "this one is my teacher. She is teach me two years. And me, I have forget everything."

Wiki tano zilikuwa zimeshakuwa miaka miwili. Wageni wakacheka, mmoja akapiga makofi. Makosa niliyahesabu kabla sijaweza kujizuia. Lakini baba hakuwa anawaangalia wageni. Aliniangalia mimi, mkono mmoja kwenye usukani, na macho yalikuwa na woga ule ule wa Jumatano. Alikuwa ameniwekea sentensi nzima mezani na anangoja majibu. Nilitamani kulia pale stendi, na kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni.

"D, baba," nikamwambia.

Akapiga mlango wa gari kofi moja kwa nje, akatia gia. Likapanda kuelekea getini na madirisha yake wazi, na mpaka kwenye kona nilimsikia akiwaeleza habari za ofisi yake isiyo na paa, haraka haraka, bila kusimama kuchagua.