Bidoni ya Bluu

Nina miaka kadhaa sasa nikibeba mizigo katika stoo ya kemikali ya chuo kikuu kimoja mjini Mbarara. Siku za kazi nalala mjini, na mwisho wa juma narudi kambini Nakivale, kwa mke wangu na kwa kanisa letu la mtaa wa Misiera. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo, maana mkimbizi wa umri wangu haajiriwi kirahisi.

Alhamisi moja tulikalishwa, sisi wabebaji na madereva, tufundishwe kusafirisha kemikali. Mwalimu alikuwa binti wa hapo chuoni, mwenye sauti ndogo na macho yasiyocheza. Chupa inafungwa, alisema, inatiwa katika mfuko. Mfuko unatiwa katika boksi lenye vumbi la mbao la kunyonya kitakachomwagika. Boksi linabandikwa alama. Karatasi ya mzigo anakaa nayo dereva, na abiria hapandi gari hilo. Kisha akainua dumu la bluu la plastiki, ambalo sisi watu wa Kivu tunaliita bidoni.

"Hii nayo ilikuwa na fomalini, imekwisha. Nani anaweza kuibeba?"

Nikajibu kwa sauti, kama mwanafunzi aliyesoma: "Mtu yeyote, mwalimu. Ni tupu."

"Hapana, mzee. Macho inaona tupu. Dawa imeingia ndani ya plastiki, inakaa. Hii inasafiri kama imejaa."

Wenzangu walicheka. Mimi sikusikia tena somo.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimechukua bidoni kama ile uani, zinaposubiri gari la taka. Mke wangu alikuwa ameugua miezi mingi, na nilikuwa nimemwahidi Mungu kwamba siku atakayoinuka nitatoa shukrani kwa mhitaji. Akainuka. Katika kwaya yetu yupo mama mjane anayelea wajukuu wawili, mapacha, na bidoni yake ilikuwa imepasuka. Nikaisugua ile ya bluu kwa mchanga na majivu, nikaisuuza mara saba nikimkumbuka Naamani katika Yordani, nikaianika juani. Nikaipeleka kwa boda, nimeipakata kama mtoto. Mama yule aliipokea kwa vigelegele.

Fomalini ni dawa ya kuhifadhia maiti. Hilo nilikuwa nalijua.

Mchana ule nilimpigia simu mama mjane, haikupatikana, na mke wangu hana simu. Nikapiga tena, na tena. Nikamwambia mkubwa wa stoo kwamba nyumbani kuna shida. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, na ilinichoma njia nzima nilipopanda taksi, yale mabasi madogo ya huku, alfajiri ya Ijumaa. Nilianza Baba Yetu mara nne, sikuifikisha mwisho hata mara moja. Kila dereva aliposimama kupakia ndizi, nilitaka kushuka nikimbie kwa miguu.

Nilipofika, bidoni ilikuwa mlangoni, imejaa maji, kikombe juu ya kifuniko. Pacha mmoja alikuwa amekwisha kukinyooshea mkono. Nikamwondoa, nikaipindua bidoni. Maji yakakimbilia kwenye mahindi.

"Papa!" Mama mjane alitoka na mwiko mkononi. "Maji hayo nimepanga mustari tangu giza! Umeingiwa na nini?"

"Mama, batoto bamekunywa hapa?"

"Kila siku banakunywa. Si wewe ulisema hii ni bidoni ya baraka?"

"Ilikuwa na dawa."

"Dawa ya nini?"

Nikainama kuokota kikombe.

"Papa, dawa ya nini?"

"Ya maiti."

Alikaa chini palepale kwenye tope. Hakulia. "Ulijua?"

"Nilijua ilikuwa na nini. Sikujua kama haitoki."

"Na kwako iko moja kama hii?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Pale uani zilikuwapo nyingi, na chombo cha maji hakijawahi kutosha nyumba yoyote kambini. Ningeweza kumletea mke wangu. Sikumletea hata moja.

Nilimwita mke wangu aichunge bidoni, sisi tukawabeba watoto hadi kituo cha afya. Muuguzi aliwatazama vinywa, akawabonyeza matumbo, akauliza kama wanatapika. Alisema haoni ubaya, lakini warudishwe baada ya wiki, na mapema zaidi wakikataa chakula.

Tuliporudi, mke wangu alikuwa ameweka mlangoni pa mjane bidoni yetu ya njano, imejaa. "Hii tunakunywa nayo sisi," alimwambia.

Nikawaambia bidoni ile lazima irudi chuoni. Mwendesha boda mmoja aliyesikia akasimama. "Muzee, leta hiyo ya bluu nifunge nyuma. Sasa hivi tu tuko Mbarara!" Ndivyo nilivyoileta. Safari hii nilikataa, nikampigia mwalimu, nikamweleza yote.

"Funga kifuniko," akasema. "Isimame wima, nje. Hakuna boda, hakuna taksi. Usiiache, mzee. Nakuja na gari."

Nikakaa kwenye kigoda kando yake. Siku ile nilijifunza kwamba Misiera hakuna mtu anayepita bidoni nzuri bila kuiuliza. Mama mmoja Mrundi, muuza makaa, alinizunguka mara mbili.

"Muzee, unaichunga kama mbuzi? Nipe basi."

"Ina sumu, mama."

"Sumu! Sema tu hutaki kunipa."

Jua lilikuwa limepinda gari lilipofika. Mwalimu alivaa glavu, akaitia bidoni katika pipa lenye mfuniko, akabandika alama, akaandika karatasi. Penye neno mtumaji alinipa kalamu, nikaandika jina langu. Mama mjane alimshika mkono.

"Binti yangu, na batoto?"

"Mama, sitaki kukudanganya. Ilioshwa, kwa hiyo dawa ilibaki kidogo. Lakini uwaangalie vile muuguzi alisema." Akanigeukia. "Mzee, Jumatatu tutaongea."

Jumatatu tuliongea. Kazi sikunyang'anywa, ila ufunguo wa ua sasa anakaa nao mwingine, na ni haki. Jumapili kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kanisani nikasema nilichofanya. Akina mama wawili walitoka kabla ya baraka, wakakagua bidoni zao.

Wiki ile nilimpigia mjane kila asubuhi kabla ya sala. "Bameamka?" "Bameamka." "Bamekula?" "Bamekula." Siku ya nane muuguzi aliwatazama tena, akasema ni wazima.

"Umesikia, Papa?" mjane alisema kwenye simu, mapacha wakigombana nyuma yake. "Sasa acha kuniamsha. Mungu anabaangalia hata wewe ukilala."

"Nitaacha, mama. Asante."

Kesho yake nilimpigia tena.